Kakakuona wa Milango Mitatu

Hapo zamani, nyie mnaomenya karanga na kuzitafuna kabla hazijafika kwenye ungo, nipeni masikio na mikono iendelee na kazi. Hapo zamani palikuwa na ua mmoja wenye majiko matatu. Jiko la kwanza lilikuwa la Nyanzala, mke mkubwa wa Ngasa. Jiko la pili lilikuwa la Milembe, mke mdogo. Jiko la tatu, lile la nyuma karibu na ghala, lilikuwa la Holo, dada yake Ngasa, aliyerudi kwao na kikapu kimoja cha nguo baada ya mumewe kumfukuza kwa kosa la kutozaa.

Majiko matatu, mafiga tisa, na wivu wa kutosha kupikia yote.

Nyanzala alikuwa na watoto watano. Wawili wa kwanza walikuja pamoja, Kulwa na Doto, na waliofuata walikuja mmoja mmoja lakini kwa haraka. Shamba lake lilikuwa mlimani, penye mawe mengi kuliko udongo. Mwaka huo jua liliwaka mpaka mahindi yakakauka yakiwa na urefu wa goti. Wanawe walikula mara moja kwa siku, jioni, ili wapate usingizi. Asubuhi aliwapa maji ya moto yenye chumvi, akayaita uji, na wao kwa heshima wakayaita uji.

Na katika mwaka huo huo, Ngasa alikata nyasi za kuezeka jiko moja tu. Akaezeka la Milembe.

"Baba Kulwa," Nyanzala alimwuliza, "na langu?"

"Lako linavuja?"

"Litavujaje na mvua haijanyesha?"

"Basi," Ngasa akasema, akaendelea kukaza kamba.

Tangu siku hiyo, kila Nyanzala alipoinamia chungu, jua lilimchoma kupitia matundu kumi na manne. Milembe naye aliacha mlango wake wazi kutwa nzima, ili apitaye asiishie kuliona paa kwa nje tu. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nyanzala alikuwa amekonda kweli, lakini hakuweza kusema kipi kilikuwa cha wivu na kipi cha njaa.

Msidhani alikuwa peke yake. Milembe alimwonea wivu Nyanzala kwa wale watoto watano, maana yeye alikuwa na mmoja tu, anayenyonya, na mume wao kila alipoitwa aliitwa Baba Kulwa. Holo aliwaonea wivu wote wawili, kwa kuwa wao angalau walikuwa na mtu wa kugombania.

Sasa sikieni habari ya chemchemi.

Chini ya kijiji palikuwa na shamba moja lililopakana na chemchemi. Halikukauka hata mwaka ule mbwa walipokufa kwa kiu. Halikuwa la mume wala la ukoo. Lilikuwa la mwanamke mmoja tu, yule aliyejiwa na kakakuona. Mnamjua kakakuona: mnyama mwenye magamba kama samaki aliyepotea njia. Haumi, hapigi kelele, anakula mchwa na siafu, na akiogopa anajiviringa kuwa mpira. Haonekani ovyo. Lakini mara moja katika kila kizazi hutoka porini akamjia mwanamke, na mwanamke huyo hupewa shamba la chemchemi alilime mpaka kufa kwake.

Wa mwisho kulilima alikuwa Bibi Mbuke, na Bibi Mbuke alikuwa amezikwa wakati wa mavuno yaliyopita. Tangu hapo shamba lilikaa bila jembe, jeusi na lenye unyevu. Wanawake wakienda kuchota maji walilitazama kama mtu anavyotazama sahani ya mwenzake.

Na msiniambie mapema kwamba linagawanyika. Zamani dada wawili wa tumbo moja waligawana. Mmoja akaziba mfereji, mwingine akauzibua, na chemchemi ikatoa tope misimu miwili. Kijiji kizima kilikunywa tope hilo. Basi ikawa mwiko: jembe moja, mkono mmoja.

Siku moja, jua likiwa limeinama, Nyanzala alikwenda kwenye kichuguu kilicho nyuma ya mlima kuchimba udongo. Sakafu ya jiko lake ilikuwa imepasuka, na udongo wa kichuguu ndio unaoshika. Alikwenda na kapu bovu, lenye tundu chini. Kapu lake zima Milembe aliliazima tangu mwezi uliopita, na kila alipoulizwa alisema, "Nitaleta, dada." Nyanzala akalijaza lile bovu, akajitwika, akashika njia. Udongo ukavuja nyuma yake kidogo kidogo, na mchwa ndani yake.

Hakufika mbali akasikia: kwaru, kwaru, kwaru.

Akasimama. Sauti ikasimama.

Akaenda. Kwaru, kwaru, kwaru.

Mnadhani aligeuka? Mwenye mzigo kichwani hageuki ovyo, na mwenye wivu hageuki kabisa. Nyanzala alikwisha kujua moyoni ni nani. Ni Milembe, anaburuza nguo yake mpya, amekuja kupeleleza mahali penye udongo mzuri, ili kesho na yeye akandike sakafu chini ya lile paa lake.

"Nifuate tu," akasema bila kugeuza shingo. "Paa umepata, mume umepata, sasa unataka na udongo."

Kwaru, kwaru.

"Hujibu? Usijibu. Kiburi hakijawahi kujaza chungu."

Akafika uani. Akaingia jikoni, akausukuma mlango kwa kisigino, akautia komeo. Mlango ukakwaruzwa mara moja. Ukakwaruzwa mara ya pili. Ukakwaruzwa mara ya tatu.

"Nenda kwako!" Nyanzala akapaza sauti. "Kwako ndiko kwenye paa!"

Mkwaruzo ukakoma. Nyanzala akaloweka udongo kwa maji ambayo watoto walikwisha kuyanawia, akapiga magoti, akaanza kukandika.

Hakuwa amemaliza upande wa mafiga aliposikia yowe. Lilikuwa yowe la Milembe, kutoka jikoni kwake.

Mikono ya Nyanzala ikasimama. Akasikiliza. Akadhani Ngasa amerudi kutoka safarini, na leo kwa mara ya kwanza amemwinulia mkono mke mdogo. Kitu kidogo kitamu kikampita kifuani, kama mtu aliyelamba asali kwa kuiba. Kisha mikono ikaendelea kukandika.

Akasikia miguu ya Holo ikikimbia uani. Akasikia kishindo cha mchi, kisha kingine. Kisha kimya. Alipochungulia, mlango wa Milembe ulikuwa umefungwa, mara ya kwanza tangu paa liezekwe.

"Leo tutapumua," aliwaambia wanawe, na jioni ile akawapakulia ugali kwa mkono mwepesi kuliko kawaida.

Asubuhi, kabla majivu hayajazolewa, vigelegele vikapigwa mlangoni kwa Holo.

"Kakakuona! Kakakuona kanijia! Njooni muone, msije mkasema nilisema uongo!"

Watu wakaja. Waliokuwa wakifagia walikuja na mafagio. Jumbe Lubango akaitwa, akaja na mswaki mdomoni. Holo alikuwa amesimama mlangoni, mkono wake wa kushoto umevimba na kufungwa kitambaa. Miguuni pake, juu ya kaniki nyeusi, palikuwa na mpira wa magamba ukipumua taratibu.

Nyanzala alipouona, kwanza alimwonea Holo wivu, wivu wa kawaida tu, wa kila siku. Kisha akatazama chini.

Kutoka langoni mwa ua hadi mlangoni pake palikuwa na mchirizi wa udongo mwekundu. Juu ya mchirizi palikuwa na alama za kucha, na katikati mburuzo wa mkia. Mbao za mlango wake zilikuwa na mikwaruzo mitatu mipya. Kutoka hapo alama ziligeuka zikaenda moja kwa moja hadi jikoni kwa Milembe. Na kutoka kwa Milembe hadi kwa Holo hapakuwa na alama ya mnyama hata moja, ila nyayo za mtu.

Nyanzala akakaa chini palepale.

Milembe alitoka na mtoto mgongoni, akamwona mnyama, akapiga kelele.

"Huyo alikuwa jikoni kwangu! Wifi, si uliniambia ni kitu cha kutumwa na wachawi? Si ulisema unakwenda kukitupa porini? Nikakupa na unga wa shukrani!"

"Kibaba kimoja," Holo akasema, "tena chenye pumba."

Watu wakacheka. Jumbe akatoa mswaki mdomoni.

"Mmoja mmoja," akasema. "Anayedai kajiwa, aseme kajiwaje."

Holo akawa wa kwanza.

"Jumbe, mnyama ni wangu. Jana nilisikia yowe, nikakimbia. Nikamkuta wifi yangu kainua mchi, keshampiga huyu mgeni pigo moja, anataka kumpiga la pili. Nikaweka mkono wangu. Huu hapa, uone. Pigo lile lingeshuka, leo mngekuwa mnazika chemchemi yenu. Nikamfunika kwa kaniki yangu, nikamnywesha maji, akalala kwangu mpaka asubuhi. Kumjua, nimemjua mimi. Kumwokoa, nimemwokoa mimi. Hawa wana mume, wana watoto. Mimi nikilala njaa nani ataniuliza? Wakigombana wao, mimi ndiye ninayekosa cha kupika. Nipeni shamba nami niwe na pa kuitwa kwangu."

"Na uongo je?" Milembe akafoka. "Sema na uongo!"

"Nilidanganya," Holo akasema. "Ningesema kweli, mngenipa kitu nyie? Lini mmenipa?"

Milembe akasogea mbele.

"Jumbe, mnyama ni wangu. Mlango wangu ulikuwa wazi, akaingia kwa miguu yake. Hakubebwa, hakufungwa kwenye nguo. Akapita penye kizingiti changu, akaja akajilaza penye majivu yangu ya moto, hatua mbili kutoka kwa mwanangu. Kwetu ng'ambo ya mto hatuna mnyama huyu. Nimeona magamba, nimeona kucha, na mtoto yuko chini. Nikashika mchi. Mama gani hapa asingeshika?"

Wanawake kadhaa wakaguna, maana wote wana michi.

"Na tena," Milembe akaendelea, sauti ikishuka, "mnasema nina paa. Paa ni la Ngasa. Siku akichoka nami atapanda juu alifumue. Mimi hapa sina kaka, sina shangazi, sina jiwe langu. Dada ana watoto watano wa kumlinda asifukuzwe. Mimi nina huyu mmoja, na hata kutembea hajui."

Nyanzala alikuwa amesikia mengi kutoka kwa Milembe, lakini hilo hakuwahi kulisikia. Halikumpunguzia wivu. Lilimwudhi tu, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Akasimama, magoti yake bado mekundu kwa udongo.

"Jumbe, mnyama ni wangu. Tazameni chini. Amenifuata mimi kutoka kichuguuni mpaka hapa. Mlango wa kwanza aliougonga ni wangu. Ameukwaruza mara tatu, hesabuni. Huko kwingine alikwenda kwa kukosa pa kwenda. Hawa wanazungumza habari ya kesho. Mimi wanangu watano wana njaa ya leo. Waiteni, watazameni mbavu."

"Si ulimfungia mlango?" Holo akauliza.

"Sikumjua."

"Alibisha mara tatu."

"Nilidhani ni huyu!" Nyanzala akamwonyesha Milembe kidole, na watu wakaangua kicheko ambacho hakikumfurahisha.

"Tena amefuata nini?" Milembe akadakia. "Amefuata mchwa waliodondoka kwenye kapu bovu. Na kapu bovu alilibeba kwa nini? Kwa sababu lile zima ninalo mimi. Basi hata huko kufuatwa ni kwa ajili yangu!"

"Mwizi anajisifu!" mtu mmoja akapiga kelele, na Jumbe akangoja mpaka wakachoka kucheka.

"Mwacheni mnyama achague," akasema.

Wakasogea nyuma, wanawake watatu wakabaki mbele. Mpira ukafunguka taratibu, pua ikatoka, kisha macho mawili madogo yasiyo na shauri la mtu. Kakakuona akasimama kwa miguu ya nyuma. Akampita Holo. Akampita Milembe. Akafika kwa Nyanzala, akaramba udongo uliogandia kwenye mguu wake. Ulimi ulikuwa mwembamba kama uzi na wa baridi, na Nyanzala akahisi machozi yanamjia, mwanamke ambaye hakulia hata siku alipojifungua mapacha.

"Anaramba mchwa," Holo akasema. "Hiyo ni njaa, si uchaguzi."

"Na nani hapa anachagua bila njaa?" Nyanzala akajibu.

Kakakuona hakungoja shauri. Alipomaliza mguu aligeuka, akapita katikati ya watu, akatoka langoni, kwaru, kwaru, akaingia nyasini. Hakuna aliyethubutu kumfuata.

Jumbe Lubango akamgeukia Nyanzala.

"Nina swali moja," akasema. "Jiko lako na la Milembe ukuta kwa ukuta. Alipopiga yowe, ulisikia?"

Nyanzala angeweza kukana. Nani angemshuhudia? Upande wa pili wa neno moja kulikuwa na mahindi, maboga, maharage, watoto watano wanaokula asubuhi na jioni. Akawatazama Kulwa na Doto waliosimama mbele ya wadogo zao. Nao walikuwamo jikoni jana. Nao walisikia.

"Nilisikia," akasema.

"Ukafanya nini?"

"Nikaendelea kukandika."

Mwanamke mmoja akatema mate pembeni. Nyanzala akangoja Milembe amrukie, amtukane, apate haki yake yote mbele ya watu.

Milembe akamweka vizuri mtoto mgongoni.

"Na mimi, dada," akasema, "lingekuwa yowe lako, ningeendelea kusonga ugali."

Radi ikapiga mashariki. Vichwa vyote vikainuka. Wingu lilikuwa limeinuka nyuma ya mlima bila mtu kuliona, jeusi kama kitako cha chungu, wingu la kwanza katika miezi tisa. Na hapo mjue jambo lingine: mvua ya kwanza ikilikuta shamba la chemchemi halijatiwa jembe na mwenyewe, shamba hilo halilimwi mwaka huo. Hakuna atakayekula, si wa mlango wa kwanza, si wa pili, si wa tatu.

Kijiji kikashuka bondeni kwa kukimbia. Jumbe alipitia kwake, akachukua jembe la Bibi Mbuke lililotunzwa humo, akakimbia nalo begani. Nyanzala alikimbia huku amebeba mwanawe wa mwisho. Milembe alikimbia huku mtoto akirukaruka mgongoni. Holo alikimbia huku ameushika mkono wake mbovu kwa ule mzima, na kila alipojikwaa aliguna kwa maumivu, wala hakupunguza mwendo.

Wakafika. Wakasimama ukingoni, watatu, bega kwa bega, wala hawakutazamana. Harufu ya udongo mbichi ikawapanda puani. Nyanzala akaona shamba lile kwa karibu kuliko alivyopata kuliona, na akajua kwamba akipewa atalia, na akipewa mwenzake hatalala tena usingizi mzuri maisha yake yote. Akajua pia kwamba wale wawili kando yake wanajua hivyo hivyo.

Tone la kwanza likaangukia mpini wa jembe. Jumbe Lubango akaunyosha ule mpini mbele, akafungua mdomo kutaja jina.

Na hapo alipofungua wake ndipo mimi ninapofunga wangu. Lakini tone la pili liko njiani, na nyie mna midomo, tena imejaa karanga zangu. Yupo aliyefuatwa kutoka porini, akamfungia mgeni mlango na kulisikia yowe la mwenzake akatabasamu. Yupo aliyeingiliwa nyumbani, akampokea mgeni kwa mchi. Yupo aliyevunjwa mkono kwa kumwokoa, akamwiba kwa uongo. Msiseme wagawane, habari ya tope nimekwisha kuwapa. Jembe ni moja na mkono ni mmoja.

Je, nani alistahili?